Namna ya Kulifanyia Kazi Kosa Lako Mwenyewe

Ukikaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa hapa Dar es Salaam, hutakosa kumsikia mtu akisema kwamba yaliyomkuta yamemfundisha, na miezi michache baadaye utasikia kwamba yamemkuta yale yale. Si kwamba alisema uongo. Aliumia kweli, alijuta kweli na aliapa kweli kwamba hatarudia. Kilichokosekana ni kazi inayopaswa kufanywa kati ya kuumia na kuapa, kazi ambayo wengi wetu hatukufundishwa popote, kwa kuwa shuleni kosa lilipigwa kalamu nyekundu na somo likaendelea, na nyumbani lilimalizwa kwa karipio. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo.

Imani ya kwamba kosa humfundisha mtu lenyewe ina kasoro ambayo imepimwa. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Lauren Eskreis-Winkler na Ayelet Fishbach, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo washiriki walipewa maswali yenye majibu mawili tu ya kuchagua. Wengine waliambiwa wamepata, wengine wakaambiwa wamekosa. Kwa kuwa majibu yalikuwa mawili, aliyeambiwa amekosa alikuwa ameshalijua jibu sahihi sawasawa na aliyeambiwa amepata. Hata hivyo, walipoulizwa tena baadaye, walioambiwa wamekosa walikuwa wameshika machache zaidi. Lakini watu walipofuatilia makosa ya mtu mwingine badala ya kukosa wao wenyewe, pengo hilo liliondoka. Maelezo ya watafiti ni kwamba kukosa huigusa nafsi, na nafsi ikishaguswa mtu huacha kusikiliza. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zina lengo moja, nalo ni kukuwezesha kulitazama kosa lako kwa utulivu ule ule unaokuwa nao unapolitazama kosa la jirani.

Zuia hasara kwanza

Kujifunza si kazi ya saa ya kwanza. Mtu aliyetuma fedha kwa simu kwenda namba isiyo yenyewe, akagundua hapo hapo, hana haja ya kujiuliza kwa nini hakusoma jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Anapaswa kuuhifadhi ujumbe wa muamala, apige simu huduma kwa wateja ya mtandao wake mara moja na kuomba fedha izuiwe, kwa kuwa fedha ambayo bado imo kwenye simu ya aliyeipokea ni rahisi kurejeshwa kuliko ile ambayo imeshatolewa kwa wakala. Vivyo hivyo, aliyebaini kwamba kiwanja anachokilipia kwa awamu huko Chanika kina mnunuzi mwingine asimamishe malipo siku hiyo hiyo, aende ofisi ya serikali ya mtaa na ofisi ya ardhi ya halmashauri kuuliza, badala ya kumalizia awamu iliyobaki kwa matumaini kwamba dalali atayaweka mambo sawa.

Hatua hii huwashinda watu wenye akili timamu kabisa, kwa sababu fedha iliyokwisha kutoka ina tabia ya kuivuta iliyobaki. Mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walionyesha kwamba watu waliolipia bei kamili ya tikiti za msimu wa maigizo walihudhuria zaidi, katika nusu ya kwanza ya msimu, kuliko wale waliopunguziwa bei, ingawa viti na maigizo yalikuwa yale yale kwa wote. Walioingia gharama kubwa zaidi walijiona wana deni kwa gharama hiyo. Mjini kwetu tabia hii ina sura mbaya kuliko ya kwenda kutazama maigizo, kwa kuwa mtu huchukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili alipe rejesho la kikoba, kisha huchukua wa pili ili alipe wa kwanza, na kila mara hujieleza kwamba anaokoa kile alichokwisha kukitoa. Kabla ya kutoa shilingi nyingine, jiulize swali moja: kama leo ndiyo ingekuwa siku ya kwanza, nami sijatoa chochote, je, ningeingia? Jibu likiwa hapana, simama hapo.

Andika kabla kumbukumbu haijajitengeneza

Mambo yakishatulia, andika, na usisubiri mwisho wa wiki. Sababu ya haraka hii ni kwamba kumbukumbu ya mtu kuhusu alichokuwa anakijua hubadilika mara tu anapojua mwisho wa jambo. Mwaka 1975 mtafiti Baruch Fischhoff aliwapa watu maelezo ya vita vya mwaka 1814 kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepal, vita ambavyo washiriki hawakuvifahamu. Walioambiwa mapema kwamba vita viliishia kwa namna fulani waliuona mwisho huo kuwa ndio uliotazamiwa zaidi, na hawakutambua kwamba kule kuambiwa ndiko kulikowafanya wauone hivyo. Ndiyo maana, baada ya kutapeliwa, mtu hukuambia bila kusita kwamba alimshuku yule mtu tangu siku ya kwanza. Hakumshuku. Angemshuku asingempa mali.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao, kwa kuwa maelezo ya jumla hayamsaidii mtu. Mwenye duka la jumla la viatu vya watoto katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ana mteja anayesema anatoka Lindi. Mteja huyo amenunua kwake mara tatu kwa fedha taslimu, kila mara katoni moja, na kila mara ameondoka bila kugombana juu ya bei. Wiki moja kabla ya Idi anakuja kuchukua katoni tano, analipia moja, na anaomba nne kwa mali kauli, yaani achukue sasa na kulipa baadaye, mpaka sikukuu ipite. Anapewa. Sikukuu inapita, simu inaita bila kupokewa, kisha inakuwa haipatikani.

Mwenye duka achukue kaunta buku, aandike tarehe, kisha augawe ukurasa kwa mstari mmoja katikati. Upande wa kushoto aandike yale aliyoyajua saa ile anampa mzigo: namba ya simu iliyokuwa ikipatikana, manunuzi matatu ya taslimu, na jina moja la kuitwa mtaani. Upande wa kulia aandike aliyoyadhani: kwamba mteja ana duka, kwa sababu alimwonyesha picha ya rafu zilizojaa viatu kwenye simu, kwamba winga, yaani mtu wa kati, aliyemleta mara ya kwanza anamfahamu vizuri, ingawa winga huyo hakuulizwa hata siku moja, kwamba mtu asiyegombania bei ni mtu mwenye fedha. Akimaliza, atazame pande mbili zile bila kuongeza neno. Kwa kawaida upande wa kulia ndio mrefu, na kwa kawaida ndani yake mna jambo ambalo lingethibitishwa kwa simu moja ya dakika mbili.

Kuna watu watakaosema kwamba hawana muda wa kuandika. Hao hao watalisimulia jambo hilo kwa watu wengi kabla ya Ijumaa, na kila wanapolisimulia litakuwa limebadilika kidogo, likielekea pale ambapo msimuliaji anaonekana mwema na mwenzake anaonekana shetani. Ukurasa mmoja ulioandikwa mapema hauna adabu hiyo ya kumpendeza mwenyewe, na ndiyo faida yake.

Tafuta saa ya uamuzi

Hasara ina saa yake ya kuonekana, na kosa lina saa yake ya kutendeka, nazo mara nyingi ziko mbali. Anza pale hasara ilipoonekana, kisha rudi nyuma kwa kujiuliza: kabla ya hapo palitokea nini? Mwenye duka wetu aliiona hasara baada ya Idi. Kabla ya hapo alikubali mali kauli. Kabla ya kukubali, duka lilikuwa limejaa watu, na kijana wake anayeshika daftari la madeni alikuwa ameenda kula. Kabla ya hapo tena, mwenye mkokoteni aliyeitwa na mteja alikuwa ameshazitoa katoni zote tano hadi kizingitini, kwa sababu mteja aliziagiza zote tano kana kwamba analipia zote. Maneno ya mali kauli yalitamkwa wakati mzigo umeshafika mlangoni, na kumrudisha mtu mlangoni mbele ya wateja wengine ni jambo gumu kwa Mswahili yeyote aliyelelewa vizuri.

Tazama jinsi swali lilivyobadilika. Mwanzoni lilikuwa la tabia, yaani mimi ni mtu wa kuamini watu kupita kiasi, na hilo halina dawa ya leo wala kesho. Sasa limekuwa la utaratibu: mzigo ulitoka ndani kabla ya masharti ya malipo kukubaliwa. Jambo hili lina mahali, lina saa, na linaweza kubadilishwa kuanzia Jumatatu asubuhi. Ukifika kwenye sentensi ya namna hiyo, umefika. Kama bado uko kwenye sentensi inayoanza na “mimi ni mtu wa”, endelea kurudi nyuma.

Wakati unarudi nyuma, utakutana pia na mambo ambayo si makosa, na ni muhimu uyaache yapite. Uamuzi unaweza kuwa mzuri na matokeo yakawa mabaya. Mfanyabiashara aliyeandikishana na mteja mbele ya shahidi, akathibitisha duka lilipo, akapokea nusu ya malipo, kisha mteja akaunguliwa na duka, amepata hasara lakini hakukosea, na akibadili utaratibu wake kwa sababu ya moto ule atakuwa ameharibu kitu kizima. Kinyume chake ni cha hatari zaidi, kwa kuwa hakimwumi mtu: uamuzi mbaya uliopata matokeo mazuri. Dereva wa bodaboda anayeingia kwenye njia ya mwendokasi katika Barabara ya Morogoro na kufika Kimara salama hujiona ameokoa muda, wala hatakaa aandike ukurasa wowote juu ya siku hiyo. Ukitaka kuwa mkali katika kazi hii, andika pia makosa uliyosalimika nayo. Ni machache yatakayokupa faida kubwa kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Usijihukumu na usijitetee

Wapo wanaosema alinipitia shetani, na wapo wanaosema mimi ni mjinga tu. Wa kwanza anaonekana kukwepa na wa pili anaonekana kukiri, lakini wote wawili wamefunga faili kabla ya kulisoma. Kama ni shetani, mtu hakuwa na la kufanya. Kama ni ujinga wa kuzaliwa, hatakuwa na la kufanya hata kesho.

Katika malezi yetu kuna dhana kwamba anayejilaumu sana ndiye anayejirekebisha, na kwamba kujihurumia ni kujidekeza. Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliijaribu dhana hiyo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2012. Wanafunzi waliofanya vibaya katika mtihani mgumu wa msamiati, kisha wakaelekezwa kujitazama kwa huruma, kwamba kushindwa mtihani kama ule ni jambo linalowapata wengi, walitumia muda mrefu zaidi kusoma kwa ajili ya mtihani wa pili kuliko wenzao ambao hawakuelekezwa hivyo. Anayejichapa humaliza nguvu kwenye kujichapa. Jiongeleshe, basi, kama ambavyo ungeongea na mdogo wako aliyekuja kukueleza tatizo lile lile: ungemwambia ukweli wote, lakini usingemtukana.

Badili utaratibu, usitegemee kiapo

Hapa ndipo penye uzito wa mambo yote, na ndipo watu wengi wanapochoka na kuachia njiani. Baada ya kulijua kosa, mtu husema “nitakuwa makini”. Maneno hayo hayana kazi yoyote yanayoifanya. Siku ile ya kosa pia alikusudia kuwa makini. Hakuna aliyeamka asubuhi akipanga kuzubaa. Umakini huisha pale duka linapojaa, jua linapokuwa la utosi na njaa inapouma, yaani katika saa zile zile ambazo makosa hutokea.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoufahamu unahusu watu waliosoma sana, na sehemu yake ilifanyika hapa hapa nchini. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, orodha yenye mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti, katika hospitali nane za miji minane duniani. Mji mmojawapo ulikuwa Ifakara. Mingine ni pamoja na London, Toronto, Manila na New Delhi. Mambo yenyewe ni ya kawaida mno: kuthibitisha jina la mgonjwa na sehemu inayopasuliwa, kila mtu chumbani kujitambulisha kwa jina na kazi yake, na kuhesabu vifaa na vitambaa kabla mgonjwa hajatolewa. Katika hospitali hizo kwa ujumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha haikumfanya daktari yeyote kuwa na moyo mwema kuliko aliokuwa nao. Iliweka kituo mahali ambapo zamani hapakuwa na kituo, na ikamlazimu kila mtu kusimama hapo hata akiwa amechoka.

Kwa maisha ya mtu mmoja, kituo cha namna hiyo huandikwa kwa sentensi yenye sehemu mbili, ambayo mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza nguvu yake katika makala ya mwaka 1999: hali fulani ikitokea, basi nitafanya jambo fulani. Sehemu ya kwanza lazima iwe kitu kinachoonekana au kusikika, si hisia. “Nikihisi mteja si mwaminifu” haifai, kwa sababu tapeli mzuri hahisiwi. Mwenye duka wetu anaweza kuandika hivi: mteja yeyote akiagiza zaidi ya katoni moja, basi hakuna katoni itakayoshushwa kutoka rafuni mpaka njia ya malipo iwe imeandikwa kwenye daftari. Kisha aibandike sentensi hiyo ukutani, si kwa ajili yake peke yake, bali kwa ajili ya kijana wa dukani, wenye mikokoteni na wateja wenyewe, kwa kuwa utaratibu ulioandikwa ukutani humwondolea mwenye duka aibu ya kumkatalia mtu uso kwa uso. Anayenyimwa hanyimwi na yeye. Ananyimwa na karatasi.

Kwa aliyetuma fedha namba isiyo sahihi, sentensi yake ni fupi: jina la mpokeaji likitokea, basi nitalisoma kwa sauti kabla ya kugusa namba ya siri. Kwa aliyenunua kiwanja kwa kuharakishwa na dalali: mtu akiniambia kuna mnunuzi mwingine anayekuja leo jioni, basi jibu langu la leo ni hapana. Hii ya mwisho inawaudhi madalali, na hilo lenyewe ni ushahidi kwamba imewekwa mahali pake.

Usiandike sentensi nyingi kwa kosa moja. Moja inatosha, mbili kwa shida. Na jihadhari na kupindukia, kwa maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwenye duka anayeamua kwamba hatatoa mali kauli tena kwa mtu yeyote atakuwa amejilinda dhidi ya tapeli mmoja na kuwafukuza wateja ishirini waaminifu, kwa sababu biashara ya jumla Kariakoo imejengwa juu ya kuaminiana, na mtu wa mkoani asiyekopeshwa kwako atakopeshwa mlango wa pili. Vivyo hivyo binti aliyeumizwa na mchumba mmoja akaamua kwamba wanaume wote ni wamoja amejifunza jambo ambalo halikuwamo kwenye kosa lake. Ukiona sentensi yako ina maneno “kamwe” au “wote”, irudie.

Msomee mtu ukurasa wako

Kwa kuwa tunajifunza kwa urahisi zaidi kutokana na makosa ya wengine, tafuta mtu ambaye kwake kosa lako ni kosa la mwingine. Si kila mtu anafaa. Anayecheka hafai, na anayekuonea huruma mpaka anamlaani mwenzako kwa niaba yako hafai zaidi. Anayefaa ni yule anayeuliza maswali madogo: uliitazama picha ile vizuri, rafu zilikuwa na viatu vya aina gani? Mara nyingi ni mtu wa kazi ile ile aliyekutangulia kwa miaka, na wala si rafiki wa karibu sana. Msomee ukurasa kama ulivyouandika, usimsimulie. Vikundi vya kikoba vingefaa sana kwa kazi hii kama vingetenga muda mfupi, baada ya hesabu, kwa wanachama kuelezana walipojikwaa katika biashara zao. Kwa bahati mbaya vikundi vingi hutumia muda huo kutoza faini za waliochelewa.

Namna ya kulitaja kosa mbele ya watu nayo ina kipimo chake. Mwalimu Nyerere, mwaka 1984, akiwa bado rais, aliulizwa juu ya uongozi wake, akataja mambo mawili ambayo asingeyafanya lau angeanza upya: kuzifuta serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika. Hakusema kwamba binadamu hukosea, wala hakusema kwamba kulikuwa na changamoto. Alitaja maamuzi mawili, yenye majina, yaliyofanywa chini ya uongozi wake. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 na zikarejeshwa mwaka 1984 kwa sheria zilizotungwa mwaka 1982. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirejesha ikapitishwa mwaka huo huo wa 1982. Anayesoma tarehe hizo anaona jambo jingine, kwamba kufuta kulichukua muda mfupi na kurudisha kukachukua miaka. Unapopanga marekebisho ya kosa lako, usiweke muda ule ule uliotumika kulitenda.

Kosa lililomuumiza mwingine

Kosa la fedha zako mwenyewe huishia daftarini. Kosa lililomuumiza mtu haliishii huko, na daftari linaweza hata kuwa kichaka cha kujifichia. Hapa utaratibu ni wa kwenda, na wa kwenda kwa miguu yako, si kwa ujumbe wa simu.

Chukua kijana aliyekabidhiwa michango ya ukoo kwa ajili ya arobaini ya marehemu, akaitumia sehemu yake kulipa kodi ya chumba Tandika akitarajia mshahara ungewahi, na mshahara haukuwahi. Anakwenda kwa baba yake mkubwa Mbagala, jioni, wakati nyumba imetulia.

“Shikamoo baba mkubwa.”

“Marahaba mwanangu. Karibu, kaa.”

“Nimekuja kukuomba radhi. Katika michango mliyonipa, laki mbili nimezitumia kulipia kodi yangu. Sikuwaomba ruhusa. Ninyi mlilazimika kukopa mchele kwa jirani, na nyie wakubwa mkaaibika. Leo nimekuja na elfu themanini. Elfu sitini nitaleta tarehe 30 ya mwezi huu, na sitini nyingine mwezi ujao. Mkiona fedha za ukoo zishikwe na mtu mwingine, nakubali.”

Zingatia yaliyomo na yasiyomo. Kimetajwa kitendo, kiasi, na aibu iliyowapata wengine; limeletwa fungu la malipo; umetolewa utaratibu wa kulizuia jambo lisijirudie. Halikutajwa tumaini la mshahara kuwahi, ingawa ni kweli tupu, kwa sababu mzee akitaka kulijua ataliuliza, na jibu la aliyeulizwa lina uzito ambao utetezi wa asiyeulizwa hauna. Halikutamkwa pia “kama nimekukwaza”, maneno yanayomwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia. Baada ya hapo kijana anyamaze. Mzee anaweza kukasirika, anaweza kunyamaza kwa wiki mbili, anaweza kusema “nimekusikia” na asiseme zaidi; radhi ni yake kuitoa, wala haidaiwi kwa sababu imeombwa vizuri. Malipo ya tarehe 30 yaende hata kama haijatolewa.

Iwapo kosa lina sura ya kisheria, kwa mfano ajali ya barabarani au fedha za mwajiri, tafuta ushauri wa mwanasheria kabla ya kuandika au kukiri chochote kwa maandishi. Radhi inaweza kusubiri siku mbili.

Kuurudia ukurasa, na mahali ambapo hautoshi

Panga siku ya kuusoma tena ukurasa wako. Mwisho wa mwezi unafaa, kwa kuwa wengi huwa tunafanya hesabu nyingine siku hiyo. Usijiulize kama umebadilika, kwa maana jibu la swali hilo hutegemea hali ya moyo siku hiyo. Jiulize kama ile hali uliyoitaja katika sentensi yako ilijitokeza, na ilipojitokeza ulifanya nini. Ikiwa haikujitokeza, hujui bado, na ni halali kuandika kwamba hujui bado. Ikiwa ilijitokeza na hukuifuata sentensi, usiongeze ukali. Chunguza kama sentensi inafuatika. Mwenye duka anaweza kugundua kwamba saa saba mchana, kijana akiwa amekwenda kula, hakuna anayeweza kuandika daftari na kuhudumia wateja kwa pamoja. Katika hali hiyo kinachorekebishwa ni saa ya kula.

Yapo, hata hivyo, mambo yanayojirudia ambayo si ya kuyafanyia kazi kwa namna hii. Mtu anayebeti kila anapopata mshahara mpaka nauli inaisha, anayekunywa tangu asubuhi, au anayetumia unga, hakosi maarifa ya kosa lake. Analijua kuliko wanaomshauri. Anachohitaji ni tiba na watu wa kumsimamia. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadone kwa watumiaji wa heroini mwaka 2011, na huduma hiyo baadaye ikafika Mwananyamala na Temeke. Kwa pombe na kubeti, pa kuanzia ni kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu. Ndugu anayemsindikiza atafanya vyema kuishika simu yenye akaunti yake ya fedha kwa kipindi cha mwanzo, kwa makubaliano ya wote wawili, na kuyaacha maswali ya kwa nini yaulizwe na mtaalamu.